Meza Tuliyokataa Kununua

Mbwa yule alitugharimu zulia la ngazini, kiatu cha Baba cha Idi (cha kushoto tu, lakini nionyeshe duka linalouza kimoja), ndala za wageni zisizo na idadi, nusura Shangazi naye, na bakuli moja la plastiki la rangi ya maziwa. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa utulivu, na jumla imekuja ileile. Vingine vyote nimesamehe. Bakuli bado.

Kilichonikumbusha ni mfuniko wake. Mama ametutoka majira haya ya baridi, na juzi mimi na Shangazi Rukia, dada yake Baba, tulikuwa jikoni kwa Mama, Barking, hapa London, tukitoa vyombo kabatini. Kabati lenyewe lilikuwa kama la mama zenu wote: ndoo za aiskrimu zisizowahi kuona aiskrimu tangu ziingie humo, makopo ya biskuti yaliyojaa nyuzi na sindano. Kila bakuli lilikuwa na mfuniko wake, maana Mama kwa vyombo alikuwa mkali. Isipokuwa mfuniko mmoja wa bluu, uliosimama peke yake nyuma ya birika. Nikaunusa, sijui kwa nini. Plastiki ikishakaa na pilau haisahau. Na nyuma ya binzari na karafuu, labda ni akili yangu tu, nikasikia harufu ya manyoya yaliyolowa mvua.

Tofi.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha, akiwalisha na kusikiliza habari zao. Mmoja wao, bibi asiyeona, alimwambia kwamba shirika lililompa mbwa wake wa kumwongoza lina watoto wa mbwa wengi na nyumba chache za kuwalelea. Unapewa mtoto, unamfundisha adabu za kuishi na watu, akikua anaingia kazini. Mama alirudi na habari hiyo kama mtu aliyeona koti zuri mnadani na anaogopa litachukuliwa.

"Wewe?" Baba akamuuliza. "Wewe uliyekuwa ukizunguka mitaa mitatu Tanga kukwepa mbwa mmoja?"

"Yule hakufundishwa," Mama akasema. "Na bibi wa watu haoni."

Baba alikuwa akifanya kazi ghalani huko Hayes, upande wa pili wa jiji, na mabishano mengi aliyaacha kwenye treni kwa kuchoka. Hili hakuliacha. Alikwenda kumuuliza sheikh wetu, akarudi na jibu kwamba mbwa wa kazi ana ruhusa yake, ila tuchunge mate yake na mahali pa kusalia. Basi chumba cha juu kikawa cha kusalia, na mbwa akapigwa marufuku kupanda ngazi. Kilichomaliza maneno ni manyoya. Tungepewa labradoodle, chotara wa labrador na poodle, ambaye manyoya yake hayapukutiki ovyo. Wanawafaa wasioona wenye vifua vibovu. Mama aliwauliza kama ni kweli hayapukutiki, wakasema kweli, akawauliza tena. Kanzu za Baba zilikuwa nyeupe.

Alikuja akiwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya kapu la nguo, rangi yake ni ya tofi iliyosahauliwa mfukoni. Jina alikuja nalo, sisi tulilinyoosha tu. Jioni ya kwanza alilia chini ya ngazi mpaka Baba akaenda kuketi naye sakafuni, kikombe cha chai mkononi, akimweleza matatizo ya ghalani. Sijawahi kumwona Baba akipata msikilizaji mzuri namna ile. Asubuhi yake zulia la ngazini lilikuwa limeanza kuliwa.

Shangazi Rukia alifika kutoka Walthamstow mara tu habari zilipomfikia. Akasimama mlangoni na koti lake, hakuvuka kizingiti.

"Wifi, nilipoambiwa nikasema wanakusingizia."

"Karibu ndani, wifi yangu."

"Ndani kuna nini?"

Tofi akajitokeza, akaketi, akamtazama usoni kama karani wa benki anayengoja uongeze neno.

"Basi chai yangu nitainywa hapahapa," Shangazi akasema. Na akainywa hapohapo, mvua ikimdondokea kikombeni. Alipoondoka alisema hatarudi mpaka mmoja kati yao wawili awe ameondoka, na kwamba yeye ndiye mwenye damu ya humu ndani.

Mimi mpango mzima niliuelewa kwa akili ya shule. Shuleni kwetu anayefaulu anabaki, anayeharibu anahamishwa. Tuliletewa mbwa, tulipewa mitihani yake, msimamizi anakuja kumpima; kwa hiyo Tofi akifaulu atakuwa wetu. Hakuna aliyeniambia hivyo, wala sikumuuliza mtu, maana jibu nilikuwa nalo. Na nilitaka afaulu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa ananingoja dirishani nikitoka shule. Kiumbe gani mwingine alikuwa akiningoja mimi? Wadogo zangu walikuwa wakiningoja kwa sababu ya chipsi.

Msimamizi aliitwa Hilary. Mama alimwita Bi Hilary, na ninavyomkumbuka alikuwa mrefu, mwenye viatu vya tope na mifuko iliyojaa vipande vya chakula cha mbwa. Haki yake nimpe: alijua kazi. Tofi alikuwa akinivuta barabarani mpaka mkono unakaribia kung'oka, naye alinionyesha jinsi ya kusimama tu, kimya, mpaka kamba ilegee, ndipo tuendelee. Kwa dakika chache mbwa akanielewa. Mama alimheshimu sana. Ndiyo maana siku waliyogombana iliuma.

Ilikuwa Jumamosi, Hilary akafika mapema kuliko tulivyoagana, sisi tuko katikati ya chakula. Na sisi tulikuwa tunakula chini. Mkeka sebuleni, sinia moja la wali katikati, magoti yamezunguka, kila mtu na upande wake. Tofi amelala pembeni ya mkeka, miguu ya mbele imenyooshwa sambamba na pindo lake, pua iko hatua moja kutoka kwenye mchuzi.

Hilary alisimama mlangoni akiangalia sinia, halafu pua, halafu sinia.

"Mnakula hivi kila siku?" akauliza. Kwa Kiingereza, bila shaka. Ninakupeni Kiswahili chake.

"Kila siku. Karibu," Mama akasema, akasogea kumpisha.

Hakukaa. Alieleza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliotisha. Mbwa wa kuongoza akiokota chakula barabarani, anamvuta mtu asiyeona mpaka kwenye magari. Chakula kikiwa usawa wa pua yake kila siku, siku moja ataonja, na akishaonja hasahau. Sheria yao ni kula mezani. Akatupa wiki mbili tupate meza. La sivyo, kwa masikitiko, Tofi atahamia kwa familia nyingine.

"Familia yenye meza," Mama akasema.

"Ndiyo."

"Meza tunayo," mdogo wangu akadakia. "Ina cherehani juu yake."

Mama alimpa Hilary chai, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi akaketi mahali pake, akaendelea kula. Alikula taratibu sana.

Kesho yake mimi na Baba tulikwenda sokoni bila kumwambia. Palikuwa na muuza samani zilizotumika, na meza moja ya mbao yenye viti vinne na alama ya kikombe katikati. Baba alitaja bei kwa aibu, kama anayeomba msaada. Nikamvuta kando, nikaingia mwenyewe. Nilimwonyesha yule bwana alama ya kikombe, nikamwonyesha mguu unaocheza, nikamwambia sisi ni watu saba na viti ni vinne, hivyo anatuuzia nusu ya meza. Akashuka. Nikaondoka. Akaniita, akashuka tena, akamwambia Baba nikikua anipeleke kwake nikafanye kazi. Tuliacha arubuni, tukarudi nyumbani mimi nikitembea kama mshindi wa kombe.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho.

"Bei nzuri," akasema. "Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa mwende mkachukue arubuni yenu."

"Mama, watamchukua Tofi."

"Nimesikia."

"Ni meza tu, mke wangu," Baba akasema.

"Leo ni meza. Kesho nitaambiwa kijiko, keshokutwa kila mtoto na sahani yake, na siku mgeni akibisha hodi nitahesabu viti kabla ya kumkaribisha. Mwanafunzi katika nyumba hii ni mbwa. Afundishwe yeye."

Nilimchukia. Nililia nimejifunika mbeleko ya mdogo wangu, na ndani ya kilio hicho nikasikia Mama akipiga simu, kwa Kiingereza chake cha kazini, kile cha kunyoosha kila neno kama shuka la mgonjwa. Alimwambia Hilary hatanunua meza. Alimwambia aje Jumamosi ya mwisho ya zile wiki mbili, ale na sisi, chini, na aangalie kwa macho yake. Tofi akigusa hata punje, begi lake litakuwa mlangoni, amchukue palepale bila mjadala.

Na begi kweli akalifunga. Likawekwa mlangoni kabisa: blanketi lake, bakuli zake, filimbi, kizibao chake cha mafunzo. Kila nikienda shule lilikuwa pale.

Mafunzo yenyewe hayakuwa na siri. Mama alimfunza Tofi kama alivyotufunza sisi kukaa kwa wageni. Pindo la mkeka lilikuwa ukuta. Watu wanakula, yeye anangoja. Tukishanawa na sinia likaondoka, anapigiwa filimbi jikoni, anapewa chakula chake mwenyewe, kilichopimwa kama Hilary alivyosema. Akisogeza ukucha juu ya mkeka, Mama hapigi kelele. Anasonya. Nyinyi wenzangu mliolelewa na mama wa pwani mnaujua msonyo huo, mfupi, wa pembe ya mdomo, unaokufanya uache jambo ambalo hata hujalianza. Tofi aliuelewa kwa siku chache. Kaka yetu mkubwa mpaka leo hajauelewa.

Siku ziliposogea habari zikafika Walthamstow, na Ijumaa Shangazi akapiga simu. Mama akaweka sauti ya wazi, mikono yake ilikuwa na unga.

"Ati nasikia mzungu kasema tunakula vibaya."

"Hakusema vibaya, wifi. Kasema chini."

"Chini tumekula sote, na mama yetu kala chini mpaka anakwenda kaburini, hajaanguka kutoka kwenye kiti hata siku moja." Tukasikia akiweka kikombe chini. "Mbwa simtaki. Hilo lijulikane. Lakini mkeka hauguswi. Nakuja kesho na wanangu wote, na nyama nanunua mimi. Kama ni kufeli afeli kwa nyama, asifeli kwa wali mtupu tukachekwa."

Kesho yake Shangazi alivuka kizingiti. Alipita mbali na Tofi, akikusanya baibui kama anayevuka dimbwi, akaketi upande wa mbali kabisa. Sinia lilikuwa la pilau, nyama imepangwa juu mpaka wali hauonekani. Hilary alivua viatu vyake vya tope, akanawa mikono kwenye bakuli tulilomletea, akakunja miguu ile mirefu kwa shida, goti moja likamwingia Baba ubavuni. Tofi akalala penye pindo lake. Mlangoni, begi.

Mama akasema bismillahi, tukaanza.

Mwanzoni hakuna aliyekuwa akila kwa kweli. Tulikuwa tunatafuna na kumtazama mbwa. Watoto wa Shangazi walimwaga wali kama walivyozoea, punje zikaruka mpaka karibu na masharubu yake. Akazitazama. Akaacha kuzitazama. Shangazi, ambaye hajawahi kuangusha kitu maishani mwake, akaangusha mfupa.

"Wifi," Mama akasema bila kuinua macho.

"Umeniponyoka."

Tofi alimeza mate. Tulimsikia. Hilary naye alimsikia, na mkono wake uliokuwa ukibeba tonge ukasimama.

Ndipo kitoto cha mwisho cha Shangazi, Hamdani, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akainuka na pande la nyama mkononi. Alikwenda moja kwa moja, akichuruzisha mafuta, akavuka pindo, akaliweka lile pande juu ya mguu wa mbele wa Tofi. Kisha akampapasa kichwani, kama mwenye nyumba anayemkirimu mgeni mwenye haya.

Nyama ilikuwa inafuka mvuke. Mate ya Tofi yalitoka kwenye ufizi, yakanyooka kama uzi, yakadondoka zuliani. Aliitazama ile nyama, akamtazama Mama. Mimi nilikuwa nimeshika kisigino changu kwa nguvu mpaka kikafa ganzi, nikisema moyoni, Tofi, ukiacha hii unabaki, ukiacha hii wewe ni wetu.

Mama hakusonya. Aliendelea kumtazama tu, kama alivyokuwa akituangalia sisi kwa wageni sahani ya pili inapozungushwa.

Tofi akaugeuza uso wake ukutani. Mguu hakuusogeza. Aliulaza palepale na nyama yake juu, kama si wake.

"Wanangu hawawezi hivyo," Shangazi akasema.

Akainuka, Shangazi Rukia mwenyewe, akachukua karatasi ya kufutia mikono, akaiondoa ile nyama mguuni kwa ncha za vidole, uso ameukunja kama anayetegua bomu. Halafu akarudi mahali pake, akamsogezea Hilary upande wenye nyama. "Mwambie ale," akaniambia. "Anatutazama kama yeye ndiye mbwa."

Hiyo sikuitafsiri. Lakini Hilary alikula. Alikula upande wake, akala upande wa Baba, ambaye hakuwa na pa kukimbilia kwa lile goti. Baada ya chakula alimfunga Tofi kamba, akatoka naye mimi nikiwa nyuma, mpaka barabara ya maduka ya kuku wa kukaanga, ambako mifupa imetapakaa chini. Tofi alipita katikati ya ile mifupa kama anapita msikitini. Hilary akarudi, akaandika, akatuambia sheria bado ni sheria, lakini atawaeleza wakubwa wake alichokiona, na kwamba Tofi ataendelea kukaa hapa. Akaliinua begi mwenyewe, akalirudisha ndani.

Mama alimfungia pilau ya kwenda nayo. Kwenye bakuli lile la rangi ya maziwa, na alilijaza mpaka mfuniko ukakataa kufunga, akaufunika mlima wote kwa karatasi ya foili. Mfuniko ukabaki mezani. Penye cherehani.

"Amefaulu?" nilimuuliza Mama gari lilipoondoka.

"Amefaulu."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Shangazi alianza kuja Jumamosi. Hakumgusa Tofi hata mara moja, lakini alikuwa akimsalimia, na akiwatolea watoto wake mfano wake. "Mnamwona mwenzenu?" Tofi akarefuka, sauti ikamkaa. Kisha alasiri moja nikatoka shule, nikatazama dirishani, hapakuwa na mtu. Begi lilikuwa mlangoni. Gari la Hilary lilikuwa nje, na Baba, ambaye mchana ule alipaswa kuwa Hayes, alikuwa ameketi chini ya ngazi.

"Lakini alifaulu," nikasema.

Mama alikuwa anamfunga kizibao. Vidole vyake havikuwa vinaipata klipu.

"Ndiyo maana, mwanangu," akasema.

Nilijaribu kufanya biashara. Nilimwambia Hilary atuachie huyu atupe mwingine wa kufundisha, wawili, watatu, bila malipo. Nilimwambia yule asiyeona aje akae kwetu, chumba kipo. Alipiga magoti penye tope akanisikiliza mpaka nilipoishiwa bei. Akasema asante. Alikuwa analia yeye pia, na sikumpunguzia chochote kwa hilo.

Baadaye ilikuja picha kutoka kwenye shirika. Mwanamke mmoja mwenye miwani myeusi ameketi kwenye mkahawa, mezani, na chini ya meza kuna zulia, na penye zulia Tofi amelala. Baba alitazama uso wa mbwa. Mimi nilitazama kamba. Mama akaweka kidole chake kwenye miguu ya mbele: imenyooka sambamba na pindo la zulia, hakuna ukucha uliovuka.

"Meza wanayo," akasema. "Na bado."

Picha hiyo akaibandika kwenye mlango wa kabati kwa ndani, na kila alipotoa chombo aliiona. Meza hakununua mpaka anakufa. Siku tuliyosoma hitima tulikula chini, sebuleni humohumo, na Hamdani, ambaye sasa ana ndevu, aliketi penye pindo bila kujua ameketi wapi.

Ndiyo hiyo juzi, nikiwa na mfuniko mkononi juu ya mfuko wa takataka, Shangazi akanisonyea. Mfupi, wa pembe ya mdomo.

"Huo hautupwi. Bakuli lake halijarudi."

Basi nimeuweka, na ombi langu ni hili. Hilary hasomi Kiswahili, lakini nyinyi mnafanya kazi kila mahali katika jiji hili, na yupo mmoja wenu anayefahamiana na watu wa mbwa. Mwambieni mbwa simdai. Aliondoka kwa haki. Bakuli nalidai. Ni la rangi ya maziwa, ukingo wake una alama ya jino moja la kijibwa, mfuniko ninao mimi. Na mumweleze, kwa upole kama ule wake, kwamba kwetu bakuli halirudishwi tupu.